Ndoa imevunjika, mkopo bado una majina mawili

Ukiteremka mlima Kitonga ukitokea Iringa, joto hukupokea kabla hujaiona mibuyu. Muda si mrefu uko Ruaha Mbuyuni, wilayani Kilolo, ambako mabasi yanayotoka Mbeya na Songea kwenda Dar es Salaam husimama na abiria wakanunua vitunguu kupitia madirishani. Nyuma ya vibanda hivyo vya barabarani ziko bustani zinazonyweshwa kwa mifereji na pampu, na nyuma ya bustani ziko nyumba za tofali na bati ambazo nyingi zimetokana na zao hilo hilo.

Kitunguu ni zao la fedha kwa maana mbili. Kinaleta fedha, lakini pia hakilimwi bila fedha. Mbegu hununuliwa, kitalu hutunzwa wiki sita hadi nane, vibarua wa kupandikiza hulipwa siku hiyo hiyo, kisha hufuata mbolea, dawa, palizi na mafuta ya pampu kwa miezi mitatu au zaidi kabla gunia la kwanza halijafungwa. Ndiyo maana mume na mke hukopa. Hukopa benki kwa kuweka rehani nyumba au kiwanja, hukopa SACCOS kwa kutumia akiba, na hukopa kwenye kikoba kwa kudhaminiwa na wenzao.

Mikopo hiyo huandikwa wakati nyumba ina amani. Hakuna ofisa mikopo anayewauliza wateja wake watafanyaje wakiachana, na wateja wenyewe wangeona ni uchuro. Lakini ndoa huvunjika, na zikivunjika mkopo ukiwa haujaisha, mmoja anafunga virago akarudi kwao Ilula au Mafinga akidhani yamekwisha. Baada ya miezi kadhaa anapigiwa simu kuhusu marejesho ya nyumba asiyoishi tena, au anakwenda kuomba mkopo wa kuanza maisha upya na kuambiwa kuwa tayari ana deni lililochelewa.

Swali ambalo wengi hufika nalo kwa wanasheria na kwa sisi wa mambo ya uchumi ni moja: jina langu linatokaje? Kabla ya kulijibu inabidi tujue kwanza jina hilo liliingia vipi.

Saini tatu zisizofanana

Katika makaratasi ya mkopo wa wanandoa kuna saini za aina tatu, na kwa bahati mbaya zote hutiwa siku moja, mezani pamoja, kwa kalamu moja. Mtu hukumbuka tu kwamba "nilisaini benki".

Saini ya kwanza ni ya mkopaji mwenza. Huyu amekopa, ndivyo ilivyo. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, watu wawili walioahidi kwa pamoja kulipa deni wanaweza kudaiwa wote, au mmoja wao akadaiwa deni lote. Hakuna nusu yake na nusu yangu mbele ya mkopeshaji. Aliyelipa zaidi ya fungu lake ana haki ya kumdai mwenzake, lakini hilo ni shauri lao wawili.

Saini ya pili ni ya mdhamini. Huyu hakupokea fedha, lakini ameahidi kwamba mkopaji akishindwa, yeye atalipa. Wake wengi wa wafanyabiashara wako hapa bila kujua, na waume wa akina mama wa vikoba vivyo hivyo.

Saini ya tatu ni ya mwenzi aliyetoa ridhaa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa mmoja kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inataka rehani ya nyumba ya ndoa iwe na saini au ridhaa ya mwenzi. Mwaka 2008 sheria maalumu ya mikopo ya rehani ilimlazimisha mwombaji kusema wazi kama ana mwenzi, na ikaweka adhabu kwa anayedanganya katika kiapo: faini isiyopungua nusu ya thamani ya mkopo, au kifungo kisichopungua miezi 12. Kwa hiyo benki hudai saini hiyo kwa ajili ya kujilinda yenyewe.

Aliyetoa ridhaa tu hadaiwi mfukoni. Benki haiwezi kumfuata kwao Ilula ikamchukulia ng'ombe wake. Lakini nyumba aliyoiridhia inaweza kuuzwa, na fungu lake ndani ya nyumba hiyo likaondoka pamoja nayo. Tofauti hii ni kubwa mno, na ndiyo sababu hatua ya kwanza kwa anayeachana na mwenzake ni kwenda kwa mkopeshaji na kuomba nakala ya mkataba wa mkopo na ya hati ya rehani, asome jina lake limeandikwa chini ya neno gani. Nimeona watu wakihangaika mwaka mzima kujitoa kwenye deni ambalo hawakuwa nalo, na wengine wakilala usingizi huku wakiwa wakopaji wenza.

Talaka haiifungi benki

Wengi hudhani kwamba mahakama ikishatoa talaka na kuamuru mume abaki na nyumba pamoja na deni, basi mke ametoka. Hapana. Amri hiyo inawafunga mume na mke. Benki haikuwa upande katika shauri la talaka, mkataba wake haujaguswa, na siku marejesho yakisimama itamtafuta yeyote aliyesaini.

Hii si dharau ya benki kwa mahakama. Mkopeshaji aliwapima watu wawili, vipato viwili, akakubali. Kumwachia mmoja ni sawa na kupunguza dhamana yake bila malipo. Hata mkulima anayeuza vitunguu kwa mali kauli kwa wafanyabiashara wawili wa Dar es Salaam hatakubali mmoja aje kumwambia, "mimi na mwenzangu tumegombana, mdai yeye tu."

Pamoja na hayo, mahakama ina kazi muhimu hapa, tena yenye thamani ya fedha. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja inapotoa talaka au amri ya kutengana. Miongoni mwa mambo ambayo mahakama inatakiwa kuyatazama ni mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, na pia madeni ambayo mmoja wao aliyachukua kwa manufaa ya wote wawili. Hilo la madeni husahauliwa sana. Watu hupeleka mahakamani orodha ya mashamba, mabati na pikipiki, wakaacha nyumbani karatasi ya mkopo. Hakimu hawezi kugawa asichoonyeshwa.

Kuhusu mchango wa kazi, Mahakama ya Rufani ilimaliza ubishi mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliposema kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali. Ila wanaoitaja kesi hiyo vijiweni mara nyingi hawasemi mwisho wake: Bi Hawa mwenyewe hakuambulia nyongeza, kwa kuwa mahakama iliona alikwishapewa fedha na mumewe na akazitapanya. Kwa mke wa bustani ya Ruaha Mbuyuni, aliyeamka saa 10 alfajiri kufungulia maji na kupika chakula cha vibarua, kanuni ile inamlinda. Lakini aje na ushahidi, wakiwamo vibarua wenyewe na majirani wa mfereji mmoja.

Amri ya mahakama inayosema nani alipe deni humpa anayeondoka silaha moja nzuri: akija kulazimishwa kulipa, ana karatasi ya kumdai mwenzake. Ni silaha ya baadaye, lakini si haba.

Hesabu ambayo watu hawaifanyi

Tuchukue mfano. Mume na mke wana nyumba ya vyumba vya kupangisha kando ya barabara kuu, na duka dogo la pembejeo. Walikopa Sh8 milioni kwa miezi 24, riba asilimia 18 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye salio. Marejesho ni karibu Sh399,000 kwa mwezi. Baada ya marejesho kumi wanaachana.

Wamekwishalipa karibu Sh4 milioni, na wote wawili wanaamini deni limebaki nusu. Ukweli ni kwamba salio ni Sh5 milioni na kidogo, kwa sababu katika zile Sh4 milioni, Sh1 milioni ilikuwa riba. Siku zote miezi ya mwanzo hula riba zaidi. (Kama mkopo ni wa ile riba isiyopungua, inayopigwa kwenye mtaji wote hadi mwisho, marejesho yangekuwa Sh453,000 kwa mwezi, na hapo ni lazima kuuliza kama kulipa mapema kunapunguza chochote.)

Sasa nyumba ina thamani ya Sh15 milioni. Wazee wanakaa, wanapatanisha, inashindikana, wanasema: "Baba abaki na nyumba na deni lake, mama achukue vyombo na kitanda, yaishe." Mama anaona kaondokewa na mzigo. Tuhesabu. Nyumba Sh15 milioni, toa deni Sh5 milioni, inabaki Sh10 milioni halali yao wote. Kama wangegawana sawa, kila mmoja angepata Sh5 milioni. Mama ameacha Sh5 milioni mezani. Na kama alisaini kama mkopaji mwenza, bado anabeba hatari ya kudaiwa Sh5 milioni nyingine. Ametoka na vyombo, akabaki na deni la nyumba aliyoigawa bure.

Hili la kutoa jina kwenye hati huku jina likibaki kwenye deni ndilo kosa baya kuliko yote ninayoyajua katika mambo haya. Mtu asikubali kusaini kuhamisha umiliki, wala kuandikiwa na mwenyekiti wa kitongoji kwamba "ameachia haki zake zote", kabla mkopeshaji hajatoa barua ya kumwachia. Mambo hayo mawili yaende siku moja, au la deni litangulie.

Njia ya kutoka iko wapi

Njia iliyo safi ni deni la zamani kufa na jipya kuzaliwa kwa jina la anayebaki. Anayebaki na nyumba anaomba mkopo mpya peke yake, kwa benki ile ile au nyingine, fedha hizo zinafuta salio lote la zamani, rehani ya kwanza inaondolewa, mpya inaandikwa. Hapo ndipo jina la aliyeondoka linapotoka kwa maana ya kisheria.

Kikwazo ni kipato. Kama duka peke yake halibebi marejesho ya Sh399,000, benki itakataa. Lakini rudi kwenye mfano wetu: salio la Sh5 milioni likitandazwa upya kwa miezi 24 kwa riba ile ile, marejesho yanashuka hadi Sh250,000 kwa mwezi. Riba ya ziada kwa kurefusha muda ni kama Sh410,000 kwa ujumla. Si ndogo, lakini ndiyo bei ya kuvunja mkataba wa watu wawili kwa amani, na ni busara wanaoachana waigawane bei hiyo katika mapatano yao badala ya kumwachia mmoja. Nenda kwa ofisa mikopo na hesabu hii mkononi. Ukienda na machozi peke yake utapewa pole, na pole haibadilishi mkataba.

Njia ya pili ni mkopeshaji kukubali kumtoa mmoja na kumpokea mwingine, kwa mfano kaka wa mume kuwa mdhamini badala ya mke. Inawezekana, ila iandikwe na pande zote zisaini, yule anayebaki akiwamo. Maneno ya mdomo ya ofisa mikopo hayatoshi. Maofisa huhamishwa, faili hubaki.

Aliye mdhamini wa mkopo unaokwenda ukiongezwa, kama ule wa dukani unaochukuliwa na kurudishwa, ana haki nyingine ambayo hutumika mara chache. Sheria ya Mikataba inamruhusu kuondoa udhamini wake kwa mikopo ya mbele kwa kumpa mkopeshaji taarifa. Yaliyokwishachukuliwa atabaki nayo, mapya hayamhusu. Tena mkopeshaji na mkopaji wakibadili masharti ya msingi bila ridhaa ya mdhamini, mdhamini anaweza kuachiliwa kwa yale yanayofuata baada ya mabadiliko hayo. Kwa hiyo barua ya ukurasa mmoja, iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, inayosema "tangu leo sidhamini nyongeza yoyote", ina thamani. Pelekeni wiki hiyo hiyo mnapotengana, msingoje talaka. Waliotoa ridhaa nao waandike kuwa hawaridhii nyongeza. Hatari kubwa katika kipindi cha ugomvi ni mwenzako kuongeza deni juu ya nyumba ile ile.

Njia ya tatu ni kuuza. Watu huikwepa kwa uchungu, lakini kiuchumi mara nyingi ndiyo bora pale ambapo hakuna anayeweza kubeba deni peke yake. Mkiuza wenyewe kwa kushirikiana na benki, mnunuzi akalipa salio moja kwa moja na chenji mkagawana, mtapata bei ya soko. Mkisubiri mnada mtapata bei ya mnada. Kwa sheria ya ardhi ilivyo tangu mabadiliko ya 2008, mkopeshaji lazima atoe taarifa ya siku 60 baada ya mkopaji kushindwa kabla hajaanza kutumia haki zake juu ya rehani.  Sheria pia inamtaka mwenye rehani atafute bei nzuri inayowezekana, na bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi huhesabiwa kuwa dalili ya kutotimiza wajibu huo hadi athibitishe vinginevyo. Taarifa ile ya siku 60 mara nyingi hupelekwa kwenye nyumba. Wewe uliyehama, uliacha anwani mpya benki? Peleka.

Zao likiwa bado ardhini

Mambo huwa magumu zaidi ndoa inapovunjika katikati ya msimu. Mkopo wa msimu hulipwa kwa mkupuo baada ya mavuno, na vitunguu viko ardhini. Kinachofuata wengi wanakijua. Mmoja anamwita dalali usiku, anauza bustani nzima vikiwa shambani kwa bei ya kutupa, anaweka fedha mfukoni, na mkopo unabaki na majina mawili. Bei ya namna hiyo ina hasara mbili, kwa kuwa mnunuzi anakata kwa hofu ya kuingia kwenye ugomvi, kisha anafungasha lumbesa juu yake.

Dawa yake haihitaji mahakama. Waliogombana wanaweza bado kukubaliana jambo moja, kwamba vitunguu vivunwe, vipimwe mbele ya mtu wa kila upande, na mnunuzi aweke fedha kwenye akaunti ya mkopo kwanza, kinachobaki ndicho kigawanywe. Mpeni mkopeshaji nakala ya makubaliano hayo. Hata wenye chuki ya kutoonana huona faida yake wakielezwa, kwa sababu kila shilingi inayofuta deni inawatoa wote wawili. Walimaji wengi wa hapa wamekodi mashamba, hawayamiliki. Kwao zao lililo ardhini ndiyo mali yote iliyopo ya kulipia, na likipotea kinachofuatwa ni nyumba, pampu na pikipiki.

Kuhusu SACCOS na vikoba nitasema machache. Kwa desturi, akiba na hisa za aliyemdhamini mwenzake hushikiliwa hadi mkopo uishe. Mwanamke aliyemdhamini mume kwenye SACCOS hawezi kujitoa uanachama akachukua akiba yake, hata akiwa na talaka mkononi. Anachoweza ni kuomba mume alete mdhamini mwingine, au hisa za mume zikatwe kwanza kabla ya zake, na hilo huamuliwa na bodi au kamati ya mikopo kwa masharti ya chama. Vikundi vya mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024, vina ugumu wa aina yake: wanakikundi hubeba deni kwa pamoja, kwa hiyo mama anayehama kijiji anawaachia wenzake. Wakubaliane naye kwa maandishi kabla hajapanda basi.

Ambao hawakufunga ndoa

Wako wengi. Wameishi pamoja, wana watoto, wamejenga, lakini hakuna cheti cha bomani, cha kanisa wala cha msikiti. Sheria ya Ndoa inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, na watu wakawachukulia kuwa mume na mke, itadhaniwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hata dhana hiyo ikivunjwa mahakamani, bado mahakama inaweza kutoa nafuu kama zile za wanandoa. Kwa hiyo asiye na cheti asiondoke kimya kimya akidhani hana haki. Na kwa upande wa deni, cheti hakina uzito wowote: aliyesaini amesaini.

Ardhi nyingi ya ukanda huu ni ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ambayo inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Hatimiliki za kimila zimeongezeka, na baadhi ya benki zimekuwa zikizipokea kama dhamana. Katika wilaya jirani ya Iringa, mradi wa upimaji uliofadhiliwa na Marekani katika nusu ya pili ya miaka ya 2010 ulitoa hati nyingi, na nyingi kati yake zikaandikwa majina ya mume na mke. Ni hatua njema. Lakini hati ya majina mawili humaanisha pia rehani ya majina mawili, na elimu iliyotolewa wakati wa kupima haikufika huko. Mwenye hati ya jina la mwenzake peke yake ana kazi zaidi: aandike barua kwa halmashauri ya kijiji kueleza kuwa ana maslahi na mgogoro upo, na kwa ardhi iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati aombe zuio liwekwe kwenye daftari, haki ambayo Sheria ya Ndoa inamtambulia mwanandoa kwa nyumba ya ndoa. Afanye hivyo wakati ndoa bado ipo. Nyumba ikishauzwa ni kesi ya miaka.

Wenzetu wa Kenya waliandika katika Sheria ya Mali za Wanandoa ya mwaka 2013 kwamba madeni yaliyochukuliwa kwa manufaa ya ndoa yabebwe sawa na wote wawili. Ni wazi kuliko yetu, ingawa nako hukumu ya namna hiyo haimfungi mkopeshaji. Huko Uingereza anayebaki na nyumba hupimwa upya kipato na mkopeshaji kabla mwenzake hajaachiwa. Kwa hiyo si Tanzania tu inayowatesa wanaoachana. Tunachoweza kuwadai wakopeshaji wetu ni kitu kidogo: fomu ya mkopo wa wanandoa iwe na ukurasa unaoeleza utaratibu wa kumtoa mmoja, vigezo vyake na siku ambazo ombi litajibiwa. Leo mteja hutegemea hisani ya meneja. Mkopeshaji naye hupata hasara, maana mkopo ambao wenyewe hawasemezani ndio unaofia mikononi mwake.

Kwa anayeanza safari hii, mlango wa kwanza wa kisheria ni baraza la usuluhishi la ndoa, kwa kuwa kwa kawaida mahakama haipokei ombi la talaka bila hati ya baraza kwamba usuluhishi umeshindikana. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, huandika barua hizi bila malipo. Uliza kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Siku deni litakapofutwa, usiridhike na ujumbe wa simu. Omba barua ya kumaliza deni, na hakikisha hati ya kuondoa rehani imefika kwenye daftari, iwe masjala ya ardhi ya kijiji na wilaya kwa hati ya kimila, au ofisi ya Msajili wa Hati kwa ile ya kawaida. Baada ya miezi miwili au mitatu omba taarifa yako kwa kampuni mojawapo ya taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu, uone kama jina lako bado limeandikwa kwenye mkopo ule. Likiwa bado lipo, rudi kwa mkopeshaji na ile barua, ukataka irekebishwe kwa maandishi.